Mazombi wa Manka na Kiburu cha Mama

Januari huku mlimani ndiyo mwezi ninaouchukia. Desemba nyumba inajaa mpaka watoto wanalala juu ya magunia ya kahawa, kuku wanaisha bandani, chooni kuna foleni. Halafu magari yanageuza uani, yanapiga honi, yanateremka kuelekea Himo, na mimi nabaki na ng'ombe. Safari hii mjukuu wangu Manka, yule anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, aliniachia mashine yake ya gemu. Amenunua mpya.

"Bibi, TV yako inaonyesha misa tu na bei ya mahindi," aliniambia. "Njoo nikufundishe kuua mazombi."

"Kuua nini?"

"Mazombi. Watu waliokufa wakaamka. Wanatembea, wanakula watu."

"Ruwa, Mungu wangu! Nimekusomesha kwa maziwa ya ng'ombe wangu ili ukae unaua marehemu?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini nilikaa. Na ninyi wenzangu wa rika langu, mnaolia magoti mkipanda ngazi, msinicheke. Mimi shule sikuimaliza, kusoma kwangu ni kwa katekisimu, lakini kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, wanachokiita pedi, nilikielewa kabla Manka hajamaliza chai yake. Vidole vilivyochuma kahawa tangu utoto vitashindwa na vitufe? Nasema bila aibu: huku kwetu Kilema nzima hakuna bibi mwingine aliyevuka lile daraja la chuma huku mazombi wakimning'inia miguuni.

Gemu yenyewe ni sehemu ya pili. Manka alinilazimisha kucheza ya kwanza kwanza, kwa sababu, alisema, hadithi haianzii katikati. Ya kwanza ilikuwa mji mmoja tu, mdogo, vichochoro vinanuka hata kupitia kioo. Lakini mle alikuwapo mama mmoja mshona nguo. Kila ukitoka kupambana unarudi kwake, anakutazama ulivyochanika, anakufokea, anakushonea. Nilimpenda sana yule mama. Katika hii ya pili hayupo, na hakuna anayeuliza aliko.

Sifa nitaitoa, maana mimi si mtu wa kinyongo. Hii ya pili ni kubwa kama wilaya. Ukiona kilima kule mbali, kinapandika. Ukiona nyumba, ina mlango na ndani kuna vyombo. Unakwenda utakako, hakuna wa kukwambia geuka. Unapanda ukuta, unakimbia juu ya mabati, na magoti hayaumi! Mvua yake ilipoanza nilitoka mbio kuanua mahindi uani, nikakuta jua linawaka. Na jua la mle likizama, wale wafu wanaokaa majumbani mchana wanaanza kutoka mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaotoka kanisani. Hapo nilijifunika blanketi mpaka kidevuni.

Basi Manka akanipigia simu kutoka Dar.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Haya niambie, sehemu ya pili ni nzuri au mbaya? Huku ofisini tunabishana."

"Macho yanashiba, moyo unabaki na njaa. Nilimpita mzee mmoja hai, kakaa getini. Nikasimama nimwamkie. Nimetafuta kitufe cha shikamoo mpaka kidole kimekufa ganzi. Hakipo! Cha kupiga teke kipo."

"Bibi jamani!"

"Na kazi zenyewe ni kutumwa tu. Nenda kalete betri. Umeleta? Haya, nenda kalete betri nyingine. Na wale wafu hawana majina. Yule mwanamke wa blauzi nyekundu nimemuua kwenye daraja, nikamkuta tena shambani, nikamkuta tena hospitali. Hana ukoo huyo? Hakuna wa kumzika?"

"Bibi, ni gemu. Wamekopi tu mtu mmoja ili kuokoa nafasi."

"Nafasi ipi, na dunia wameifanya kubwa hivyo? Wangeifanya ndogo, wakaweka mwenyeji."

Akaniuliza kama niko peke yangu. Nikamwambia niko na ng'ombe.

Jioni ile ile nikaingia tena. Mtu wangu akafika kwenye nyumba ya shamba chini ya kilima, na pale mlangoni, chini, pana bakuli la chakula. Linatoa mvuke. Ukibonyeza kitufe mtu wako anakula, nguvu zinarudi. Sikubonyeza. Nilisimama nimwone mwenye chakula. Nani kaweka? Nani anakuja kula? Jua la mle likazama, wafu wakatoka, wakanirarua nikiwa bado nalitazama bakuli. Hakutokea mtu. Nikazima. Ndipo pua ikaniambia kwamba kiburu changu kimeshika chini ya sufuria: ndizi na maharage na magadi, ile harufu ya moshi mtamu wa kuungua. Nikakaa kitako pale jikoni kama nimepigwa rungu, nikawa mtoto.

Mama yangu alikufa wakati meno yangu ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Alilalamika tumbo jioni, asubuhi hakuinuka kuwasha moto. Walimzika kwetu, mgombani nyuma ya nyumba, kama tunavyofanya mpaka leo. Mtu wetu hapelekwi mbali. Anabaki kihambani, kati ya kahawa na migomba, karibu kiasi cha kusikia sufuria zikigongana. Padri alisali akaondoka. Alipokwisha kupotea njiani, bibi mzaa baba, ambaye hakukosa komunyo hata Jumapili moja, alichomeka masale kichwani pa kaburi, yale majani yetu marefu ya heshima, akamwaga ardhini mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi, kisha akaweka tonge la kiburu juu ya jani la mgomba.

"Bibi, hicho ni cha nani?" nikamuuliza.

"Cha mama yako. Aliyekufa naye anahitaji kukumbukwa kwa chakula."

Kwa watu wazima lile lilikuwa jambo la siku ile, limekwisha, wamekunja mikeka. Mimi sikuambiwa kwamba limekwisha. Nililichukua kama kazi niliyopewa, kama vile kuchota maji au kukata majani ya ng'ombe. Sikuwa na ndugu wa kunitoa ujinga. Bibi alirudi kihambani kwake, ng'ambo ya mfereji, na nyumbani tukabaki mimi na baba.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mama alipokufa akayamaliza yote. Alikuwa anatoka kukiwa na ukungu, anarudi nikiwa nimeshalala. Na zama zile mwanamume wa Kichagga hakanyagi jikoni. Sufuria si yake, mwiko si wake, hata kama njaa inamtoa roho. Chakula kinamfuata alipo. Mimi hilo sikulijua vizuri. Nilipika nilivyokuwa nikimwona mama akipika, nikambakizia sehemu yake kando ya mafiga, nimeifunika. Asubuhi naikuta vile vile, imeganda. Nikasema moyoni, baba anakula kilabuni kwa wanywa mbege, chakula changu hakitaki. Nilikula peke yangu, nikitafuna kwa kufuatisha ng'ombe anavyocheua, ili tuwe wawili.

Lakini mama alikuwa anakula!

Kila jioni kengele ya misheni ikilia, nilichukua lile bakuli letu la bati lenye maua, nikalijaza, nikaliweka penye masale. Alfajiri nikienda, bakuli halina kitu. Si kwamba limelambwa. Limefutwa kwa jani la mgomba likang'aa, na limefunikwa kifudifudi. Mbwa hafuniki bakuli, wala nguchiro. Nilijua basi kwamba mama anaamka usiku, anakula, anasafisha chombo chake kama alivyokuwa siku zote, maana alikuwa mwanamke msafi. Siku moja baada ya mvua nilikuta na nyayo. Zilikuwa kubwa kuliko za mama. Nikafikiri, kumbe mtu akifa miguu inavimba.

Wala sikuogopa. Ndiyo maana gemu ya Manka, ingawa ilinifunika blanketi mara moja, inanichekesha pale inapotaka kunitisha. Aliyeibuni anadhani mtu akifufuka atakuja na meno, atataka nyama yako. Huyo hajawahi kumzika mtu wake nyuma ya jiko. Mimi nilichoogopa ni mama asije. Nilikuwa naweka bakuli na habari za siku: ng'ombe kazaa jike, mwalimu kanichapa kwa sababu sikufua, kahawa imeanza kuwa nyekundu upande wa mfereji. Nazisema haraka haraka, kisha nakimbilia ndani ili asione haya kutoka nikimtazama. Nilikuwa na mama wa jioni. Watoto wa jirani walikuwa na wa mchana, nami niliona tumelingana.

Ndipo shangazi akapanda kutoka Himo. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, muuza vitunguu sokoni, na sauti yake ilizoea kushindana na malori. Alimkuta baba uani, hakukaa hata kwenye kigoda.

"Mtoto wa kike halelewi na mwanamume aliyenyamaza kama gogo," alisema. "Mtazame kichwa, kimejaa chawa. Namchukua. Kwangu shule iko karibu, na kwenye vitunguu nahitaji mkono."

"Sawa," baba akasema. Hilo tu.

"Siendi," nikasema mimi.

"Huendi kwa nini?"

"Nina mtu wa kumpikia."

Shangazi akamtazama baba. Baba akatazama chini, na masikio yake, nakumbuka, yalitetemeka kidogo kama ya ng'ombe akiguswa na inzi. Sikuelewa. Mimi nilikuwa namfikiria mama, atakavyotoka jioni akute masale matupu, asubiri, arudi chini na njaa. Nani angemwekea? Baba ambaye hata jiko halijui? Nililia mpaka nikatapika, shangazi akasema tutaondoka kesho asubuhi, nikitapika au nisitapike.

Jioni ile nilipika kama kwa harusi. Nilijaza bakuli mpaka likatengeneza kilima, nikalipeleka, nikamwambia mama ale mengine aweke akiba. Usingizi ulinipita. Kulipoanza kupambazuka, ukungu bado umekaa kwenye migomba, nikaenda kumuaga. Nilitaka nimkute. Nilisema moyoni, leo hata kama ataona haya nitamshika kanga.

Mtu alikuwapo. Amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, anakula.

Alikuwa baba.

Alikuwa anakula kwa mkono, taratibu, bakuli kaliweka mapajani, na koti lake la mvua limelowa umande. Nilisimama nyuma yake hata sijui ni kwa muda gani.

"Baba."

Akageuka, mdomo umejaa.

"Hicho ni cha mama."

Taya lake likasimama. Hakumeza, hakutema. Alinitazama tu na lile shavu limetuna.

"Mama ndiye anayekula hapa," nikamwambia, na sasa nilikuwa nafoka. "Kila siku anakula na anafuta bakuli. Leo wewe umemnyang'anya!"

Akameza. Nililiona tonge likishuka kooni kama jiwe.

"Si leo tu, mwanangu," akasema.

Kisha akaanza kuongea, na sijawahi kumsikia baba akiongea maneno mengi hivyo, si kabla wala baadaye. Alisema jioni mama alikuwa akimletea chakula pale pale, chini ya ule mgomba wa mshare, ndiyo maana yeye alichagua mama azikwe hapo. Alisema baada ya mazishi alirudi kukaa tu, hakuwa na pengine pa kukaa, akakuta bakuli. Aliporudi tena akakuta bakuli.

"Nilidhani ulimwona mama yako akiniletea," akasema. "Nilidhani umeshika kazi yake. Nikawa nasema, mtoto wangu mdogo hivi, ananihurumia, na mimi nashindwa hata kumwambia ahsante."

Hakujua afanye nini na mikono yake, akafanya la kila siku: akachuma jani, akafuta bakuli mpaka likang'aa, akalifunika kifudifudi. Nikatazama miguu yake. Nikatazama zile nyayo. Hasira ilinijaa, hata machozi yakakosa nafasi. Nilimwacha pale, nikaenda kufunga nguo zangu kwenye kanga, maana sasa sikuwa na sababu yoyote ya kubaki.

Shangazi alifurahi kuona sihitaji kuburutwa. Tuliteremka yeye mbele mimi nyuma, tukapita misheni, tukapita mfereji, joto likaanza kupanda kutoka chini kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Alikuwa ananieleza habari za vitunguu, vipi vinaoza haraka, wateja gani ni wezi. Mimi nilikuwa naliona lile shavu lililotuna. Nilijaribu kulichukia, na kadiri nilivyojaribu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba yule mtu alikuwa na njaa kweli. Mtu anayekula kwa adabu hajazi mdomo hivyo.

"Shangazi, nani atampikia baba?"

"Ana mikono miwili."

"Haingii jikoni."

"Ataingia njaa ikimzidi. Tembea."

"Hawezi. Atakaa pale tu na kigoda chake."

Akageuka, kashika kiuno. "Wewe! Nimekuja kukutoa kwenye moshi nikupeleke shule. Ukirudi huko utashika jembe na mwiko mpaka unazeeka. Unanisikia? Na mimi sipandi tena kukufuata."

"Nasikia, shangazi."

"Basi?"

"Basi narudi."

Alinitazama kama anapima gunia, akasonya, akaendelea kuteremka. Hakuwa mwongo. Shule ilinitoka mwaka ule ule, na mwiko sijauacha mpaka leo. Nalisema kama lilivyo. Mnaosoma hapa wengi wenu mnajua uchungu wa kuangalia wenzako wakipita na madaftari huku wewe una mzigo wa majani kichwani, sina haja ya kuwaeleza.

Nilipanda peke yangu. Nyumbani hakukuwa na mtu, moto umezimika, ng'ombe analia maji. Nikafanya kazi zote. Nikapika kiburu. Kengele ya misheni ilipolia nikashika bakuli kwa mikono miwili, nikaenda mgombani, na kwa mara ya kwanza sikuliweka chini. Siku ile baba alikuwa amewahi, amekaa kwenye kigoda. Aliponiona akainuka nusu, akakaa tena, midomo ikafunguka ikafunga. Alidhani nimekwenda. Nikapiga goti kidogo, kama nilivyokuwa nikimwona mama akipiga.

"Baba, karibu chakula."

Akapokea. Akamega, akatia mdomoni, akatafuna. Nilisimama pale pale, maana nilikuwa sijawahi kumwona mtu akila chakula changu. Akameza, akasafisha koo.

"Chumvi imezidi," akasema.

Siku zote zile za kumwekea bakuli, mama hakuwahi kunipa hata neno. Hakuwahi kusema kimeungua, hakuwahi kusema ndizi hazijaiva, hakuwahi kuniambia hata nikachane nywele, na alikuwa mwanamke ambaye hakuweza kunyamaza akiona kosa. Nikasimama mbele ya baba nikapiga yowe, yowe la msiba, lile ambalo sikulitoa siku ya mazishi, nikimwita mama kwa jina lake. Bibi alilisikia ng'ambo ya mfereji. Baba alibaki ameshika bakuli kwa mikono miwili, anageuza macho huku na huku, hajui alichosema kibaya.

Nilipoishiwa pumzi nikajifuta kwa kanga, nikalichukua lile bakuli mikononi mwake, nikaenda jikoni kuongeza maji.